Michoro ya Ulaya Imehifadhiwa, ya Bibi Zetu Je?

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wa wenzangu wataliona dogo, na pengine la kuchekesha, hasa kwa kuwa linatoka kwa mvulana. Jambo lenyewe ni vitabu vya zamani vya kufuma na kudarizi, ambavyo siku hizi vinapatikana bure katika intaneti. Nawasihi wasomaji wasifunue ukurasa mwingine upesi. Mimi mwenyewe nilicheka kabla yenu, nami nililipa gharama ya kicheko changu.

Yafaa kwanza niungame kosa langu, maana bila hilo maneno yangu hayatakuwa na mzizi. Mimi ni mwenyeji wa Kibondo, ila nasoma hapa Kasulu na kulala bweni. Nilipokuwa darasa la pili mama yangu alikuwa akiuza karanga za kukaanga karibu na kituo cha mabasi, na kazi yangu ilikuwa kukunja karatasi ziwe vifuko. Siku moja karatasi zilikwisha na abiria walikuwa wengi. Nilikimbia nyumbani, nikafungua sanduku la bati la bibi yangu, mzaa mama, nikatoa humo kijitabu chembamba chenye picha za maua na miraba. Kilikuwa cha lugha ya kigeni, nami nilidhani hakina mwenyewe wa kukisoma. Nikakichana. Kilikuwa na majani 21, nami nikauza vifuko 21 vya karanga kwa shilingi 100 kila kimoja.

Jioni bibi alipofungua sanduku lake aliniita. Sikudanganya. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Karanga umeuza bei gani, mume wangu?" Nikamjibu. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Basi kitabu changu kimekwenda kwa shilingi 2,100, na karanga juu yake." Akafunga sanduku. Tangu siku ile hakukitaja tena, nami kwa ujinga wangu nikadhani amekisahau.

Sasa niwaeleze kitabu kile kilikuwa nini. Bibi alijifunza kufuma akiwa msichana, miaka ya mwanzo ya 1960, kwa masista wa misheni moja upande huu wa Kasulu. Sindano waliyotumia ni moja tu, yenye ndoano ndogo kichwani, na kazi hiyo wengine huiita kroshia. Alipoondoka kwenda kuolewa Kibondo, sista aliyemfundisha alimpa kijitabu kile kiwe zawadi. Hakuweza kusoma lugha yake, lakini michoro haikuhitaji lugha. Kwa kitabu hicho alifuma vitambaa vya meza, vya viti, na mapindo ya mashuka ya maharusi, akaviuza Kibondo, Kakonko na Kasulu kwa miaka mingi. Kwa vitambaa hivyo aliwanunulia watoto wake madaftari, na mama yangu ni mmoja wao. Mimi nilipochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, godoro langu na sanduku langu vilitokana na vitambaa vya mama, ambaye alifundishwa na bibi. Kwa hiyo nalalia kazi ya sindano kila usiku bwenini, ingawa sikuwa nikiifikiria.

Mwaka jana mwalimu wetu alitupeleka katika chumba cha kompyuta akatuambia kila mmoja atafute habari za jambo analolipenda. Wenzangu walitafuta mpira na magari. Mimi sijui ni nini kilichonijia, nikaandika herufi tatu nilizozikumbuka kutoka katika jalada la kitabu cha bibi: D.M.C. Kwanza likaja gari la Marekani, kisha wakaja waimbaji wa Marekani, nao wenzangu waliokaa karibu wakafurahi sana. Nikaongeza kwa Kiingereza maneno ya kufuma na kitabu. Ndipo vilipoanza kutokea, kimoja baada ya kingine, vitabu vya miaka mia na zaidi, kila ukurasa umepigwa picha, pamoja na madoa ya maji na majina ya wenyewe wa zamani yaliyoandikwa kwa wino.

Nilijifunza ya kwamba herufi zile ni za kiwanda cha nyuzi cha Ufaransa kiitwacho Dollfus-Mieg et Compagnie, kilichoanzishwa katika mji wa Mulhouse mwaka 1746. Alikuwapo bibi mmoja wa Austria, Thérèse de Dillmont, aliyezaliwa mwaka 1846 na kufariki mwaka 1890. Bibi huyu alishirikiana na kiwanda hicho, akaanzisha chuo cha kudarizi karibu na Mulhouse, na mwaka 1886 akatoa kitabu kikubwa cha maarifa yote ya kazi za sindano. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa lugha nyingi. Baada yake vilitoka vijitabu vingi vidogo vya michoro, bila shaka kwa shabaha ya kuuza nyuzi, lakini vikasafiri duniani kote pamoja na nyuzi zenyewe. Kimoja cha namna hiyo kilisafiri mpaka Kasulu, kikaenda Kibondo, kikaishia katika karanga.

Vitabu hivi vimewekwa na watu wa namna mbalimbali. Kitabu kile kikubwa cha Dillmont kimo katika Project Gutenberg, maktaba iliyoanzishwa na Mmarekani Michael Hart mwaka 1971. Vingine vimo katika Internet Archive, iliyoanzishwa mwaka 1996. Iko pia Antique Pattern Library, ambayo ni kazi ya watu wa kujitolea wanaopiga picha vitabu vya kazi za mikono na kuvigawa bila malipo. Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, kimeweka vitabu vya kufuma vya karne ya 19, ambavyo vingi vilikusanywa na Richard Rutt. Nawaomba wavulana wenzangu wasikilize hapa. Richard Rutt hakuwa msichana. Alikuwa Askofu wa Leicester, naye alikuwa mfumaji hodari wa sindano mbili, na mwaka 1987 alitoa kitabu cha historia ya kazi hiyo. Kama askofu hakuona haya, sijui kwa nini kidato cha nne waone haya.

Wako watakaoniuliza: Haya yote yanatufaa nini sisi watu wa Kasulu na Kibondo, wenye mitihani mbele yetu? Swali hilo ni la haki, nami nitajaribu kulijibu kwa mpango.

Jibu la kwanza ni kwamba michoro hii ni hesabu. Katika ufumaji wa miraba, mchoro ni karatasi ya grafu ambayo baadhi ya miraba ni mitupu na mingine imejazwa. Mraba mtupu una nguzo moja na vitanzi viwili juu yake. Mraba uliojaa una nguzo mahali pa vitanzi vile viwili. Mwishoni mwa mstari huongezwa nguzo moja ya kufungia. Basi kitambaa chenye upana wa miraba 20 kitahitaji vitanzi 20 mara 3, jumla 60, na kimoja cha kufungia, yaani 61, mbali na vile vya kupandia mstari wa juu. Miraba 40 itahitaji 121. Bibi yangu hakupita darasa la nne, lakini hesabu hii aliifanya kichwani huku akiongea na wageni. Mimi niliifundishwa kwa herufi za aljebra, nikaikosea katika jaribio. Kama ningalishika sindano kabla ya kalamu, nadhani nisingaliikosea.

Tena, kompyuta yenyewe ni ndugu wa kitambaa. Mfaransa Joseph-Marie Jacquard mwaka 1804 alitengeneza mtambo wa kufumia nguo ulioongozwa na kadi zenye matundu: palipo na tundu uzi hunyanyuliwa, pasipo na tundu haunyanyuliwi. Miaka ya 1830 Mwingereza Charles Babbage aliazimia kutumia kadi za namna hiyo katika mashine yake ya kufanyia hesabu. Nayo picha tunayoiona katika kioo cha kompyuta ni miraba midogo sana iliyopangwa kwa mistari, kama vile ua la bibi lilivyopangwa. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba kompyuta ni elimu na kufuma ni mchezo, huyo hajavijua vyote viwili.

Jibu la pili linahusu riziki, na hapa sitaki kuwadanganya wazazi wangu. Soko la vitambaa si lile la zamani. Vitambaa vya kiwandani vinaletwa kwa marobota, na bei yake ni ndogo kuliko bei ya uzi tu wa kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Mama yangu alifuma wiki tatu kitambaa cha meza, na mnunuzi akataka kumpa bei ya kile cha kiwandani. Sisemi kwamba kufuma kutatutajirisha. Nasema kwamba kazi ya mkono imewahi kuwaokoa watu siku za dhiki, na dhiki haipigi hodi. Nchini Ireland, wakati wa njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 baada ya viazi kuoza mashambani, wanawake na watoto wengi walifuma lesi kwa sindano ya ndoano, ikauzwa kwa matajiri, nayo ikawapatia chakula. Katika mji wa Clones, mwaka 1847, mke wa kasisi mmoja, Cassandra Hand, alianzisha mafunzo hayo, na lesi ya Clones ikajulikana mbali. Sisi wa nyanda hizi hatuna haja ya kusafiri mpaka Ireland ili tuelewe. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa katika wilaya hii ya Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu waliokimbia vita vya Kongo, na kambi ya Nduta kule Kibondo ilipokea Warundi kuanzia mwaka 2015. Mtu anayekimbia na kifurushi kimoja kichwani hawezi kubeba shamba wala duka. Ufundi ulio mikononi mwake hakuna mpaka unaoweza kuuzuia.

Zaidi ya hayo, mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umefungua mkondo wa amali katika sekondari, na ushonaji ni miongoni mwa fani zake. Basi jambo tulilozoea kulidharau, kwamba ni la walioshindwa masomo, sasa limekuwa somo lenyewe. Shule isiyo na fedha ya kununua vitabu vya fani hiyo yaweza kupata mamia ya michoro bila kutoa hata senti moja, isipokuwa gharama ya intaneti.

Lakini ningependa kuwaonya watakaojaribu, maana mimi nilijikwaa. Vitabu vya Kiingereza vina mtego: Waingereza na Wamarekani hutumia majina yale yale kwa vitanzi vilivyo tofauti, hata Mwingereza akitaja jina fulani anamaanisha kitanzi kifupi, na Mmarekani akilitaja jina hilo hilo anamaanisha kirefu zaidi. Ukifuata kitabu cha London kwa maelezo ya New York kitambaa chako kitavutika kama wavu wa dagaa. Tena namba za nyuzi na sindano za zamani si lazima zilingane na zile za dukani leo. Afadhali kwanza ufume kipande kidogo cha majaribio, ukipime kwa rula, ndipo uanze kazi. Na kwa habari ya haki, sheria yetu ya hakimiliki inalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Aliyefariki mwaka 1890 hawezi kutudai. Lakini mchoro uliotolewa juzi na mtu aliye hai ni mali yake, na kuuchukua bila ruhusa ni wizi, hata kama hakuna askari anayetuona.

Liko pingamizi la tatu, nalo ndilo zito. Rafiki yangu mmoja, msichana mwenye akili sana, aliniambia hivi: "Wewe unasifu vitabu hivi kwa kuwa hukulazimishwa. Bibi zetu walipewa sindano ili wasipewe kalamu. Wavulana walifundishwa hesabu, wasichana wakafundishwa kufuma vitambaa vya viti ambavyo hawakuwa navyo." Nilikaa kimya, maana ni kweli. Bibi yangu alitaka kuendelea na masomo, akaambiwa darasa la nne latosha kwa msichana. Siwezi kuutetea utaratibu ule, wala sitaki urudi. Ndiyo sababu natoa rai kwamba kama shule itafundisha kazi hii basi wafundishwe wavulana na wasichana pamoja, na pasiwepo msichana atakayeondolewa katika fizikia kwa ajili ya sindano. Lakini kosa la aliyekunyima kalamu si kosa la sindano. Bibi alipewa kidogo, naye akakizidisha kwa akili yake. Tukikitupa alichokizidisha, tutakuwa tumemnyima mara ya pili.

Na hapa ndipo nafika penye moyo wa maneno yangu.

Likizo iliyopita nilichapisha kurasa sita za kitabu kimoja nilichokipata, katika duka la steshenari hapa mjini, kwa fedha yangu ya sabuni. Sikuwa na hakika kama ndicho kile kile, lakini ua la pembeni lilifanana kabisa na lile la mashuka yetu. Nikapanda basi la Kibondo nazo zimekunjwa ndani ya daftari. Njiani nilijiona kama mtu anayekwenda kulipa deni.

Bibi sasa ana mtoto wa jicho, na jicho moja tu ndilo linaloona, tena kwa shida. Nilimpa karatasi akazisogeza mlangoni penye mwanga. Akaziangalia muda mrefu, akipitisha kidole juu ya miraba. Akatambua. Akacheka, akasema, "Huyu ni yeye. Umekitoa wapi, mume wangu? Umewafuata wala karanga?" Nikaona aibu na furaha kwa pamoja. Kisha akafika ukurasa wenye bata mkubwa wa Ulaya mwenye shingo ndefu, akasimama hapo, uso wake ukabadilika.

"Hiki si changu," akasema. "Changu kilikuwa na korongo."

Sikuelewa, akanieleza. Sista alipowafundisha kumfuma ndege yule aliwaambia ni ndege wa maziwa ya kwao. Bibi hakuwahi kumwona ndege wa namna hiyo. Ndege aliyemjua yeye ni korongo mwenye taji anayetembea katika mabonde yenye majimaji. Basi akachukua penseli, akamwongezea ndege wa kitabuni miguu, mstari kwa mstari, akamnyoosha shingo, akamtia taji kichwani. Na waridi lenye petali nyingi akaligeuza kuwa ua la boga, maana maboga ndiyo yaliyokuwa nyuma ya nyumba. Mabadiliko yote hayo aliyaandika kwa penseli pembeni mwa kurasa. Watu wa Kibondo walipomwagiza mashuka ya harusi hawakusema, "Tufumie bata." Walisema, "Tufumie korongo wako."

Ndugu wasomaji, ndipo nilipojua nilichana nini. Kitabu kilichochapwa kiwandani kilikuwa na ndugu zake maelfu duniani, na mmoja wao aliwekwa katika maktaba akapigwa picha, hata mimi nikamwona kutoka Kasulu. Lakini penseli ya bibi ilikuwa katika kitabu kimoja tu. Hiyo haimo katika Project Gutenberg, wala Southampton, wala mahali popote. Mimi niliifungia karanga.

Nimesoma kwamba hata huko Ulaya vitabu vya kwanza vya michoro ya kudarizi, vilivyoanza kuchapwa miaka ya 1520 na Johann Schönsperger katika mji wa Augsburg, ni adimu sana leo. Sababu ni kwamba wenyewe walivitumia mpaka vikaisha: walitoboa kurasa kwa sindano ili kuhamishia mchoro katika nguo, na karatasi zikachanika. Nakala chache zilizobaki zinatunzwa kama dhahabu katika majumba ya makumbusho, kama vile Metropolitan Museum of Art ya New York. Kwa hiyo kupoteza si aibu yetu peke yetu. Aibu ni kuona kwamba kitu kinapotea na vifaa vya kukiokoa tunavyo mkononi, tusikiokoe.

Kwa sababu hiyo natoa mashauri matatu kwa unyenyekevu mbele ya Mkuu wa Shule, walimu na wazazi.

Shauri la kwanza: tuanzishe chama cha kazi za mikono, na chama hicho kipewe saa moja ya chumba cha kompyuta kila Jumamosi, chini ya mwalimu. Najua wako wazazi wanaoogopa intaneti kwa sababu ya mambo machafu yaliyomo. Hofu yao si bure. Lakini kisu hakitupwi kwa kuwa kinakata kidole. Mtoto hufundishwa kukishika. Mwanafunzi aliyepewa jambo la kutafuta hana nafasi kubwa ya kupotea, ila yule aliyeachwa bila kazi ndiye anayepotea.

Shauri la pili: kila mwanachama, anapokwenda nyumbani likizo, awe ni wa Buhigwe, Kakonko, Kibondo au hapa hapa Kasulu, achukue karatasi za grafu na kunakili mchoro mmoja tu wa mama au bibi wa kijijini kwake. Aandike chini yake jina la aliyeubuni, kijiji chake, na mwaka kama unajulikana, kwa ruhusa yake mwenyewe. Karatasi hizo zikusanywe katika jalada moja maktabani. Tukiwa wanachama 30, kwa likizo mbili tutakuwa na michoro 60. Hicho tayari ni kitabu. Baadaye, wenyewe wakikubali, kitabu chetu nacho kipigwe picha na kuwekwa katika intaneti, ili mtu wa Mulhouse naye aone ndege wa kwetu na kuuliza jina lake.

Shauri la tatu ni kwa wazazi. Tafadhali, msigawe wala kuchoma mashuka na vitambaa vya zamani vilivyofumwa kwa mkono kabla hamjamwita mtoto wa shule avichore. Kitambaa ni kitabu kwa anayejua kukisoma. Hata kikichanika, mchoro waweza kuhesabiwa mraba kwa mraba.

Nimesema hivyo kwa kuwa nimejaribu. Likizo ile bibi na mimi tulikaa barazani siku nne. Yeye alifumba macho akasema, "Mtupu, mtupu, jaza, jaza, jaza, mtupu," nami nikijaza karatasi ya grafu kwa penseli. Alipokosea alinyosha vidole hewani kama mwenye sindano, akarudi nyuma, akasahihisha. Tulipanda kutoka kwenye nyayo, tukapita magoti, tukapita mabawa, mpaka mstari wa 28. Hapo shingo ikaanza, naye akanyamaza. Alijaribu jioni ile na kesho yake pia. Kichwa na taji havikurudi. Akasema, "Vidole vimesahau. Andika mpaka hapo."

Basi nina korongo asiye na kichwa katika daftari langu. Mimi siwezi kumbunia kichwa, maana hicho kitakuwa changu, si chake. Lakini bibi aliuza mashuka na vitambaa vingi katika wilaya hizi kwa zaidi ya miaka 30, na siamini kwamba vyote vimekwisha. Kama mzazi yeyote anayesoma gazeti hili anacho, katika sanduku au juu ya meza, kitambaa cheupe chenye korongo mwenye taji na maua ya boga pembeni, namwomba amwambie mwanawe aliye hapa shuleni. Sitaki kukichukua. Nataka nikae nacho saa moja, na karatasi ya grafu, nihesabu mistari iliyobaki, nimpelekee bibi angali anaona kwa lile jicho moja.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne.